Siku Niliyofaulu Mtihani wa Masikio

Juzi nilimtembelea wifi yangu Nyeri mjini, nikafika mlangoni na kusimama. Kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu kinachochemka polepole kwenye mafuta, bila nyanya, bila nyama, bila dalili yoyote ya chakula. Harufu hiyo naijua. Nilipita moja kwa moja hadi jikoni, nikamkuta amempakata mtoto wake anayelia huku ameshika kijiko juu ya moto. Sikumwuliza kitu. Nilizima gesi, nikamwambia avae viatu tumpeleke mtoto kwa daktari wa masikio. Alinitazama kama mtu aliyevamiwa, lakini akavaa. Tulipokuwa kwenye benchi tukisubiri kuitwa ndipo aliponiuliza ni nini kilichoniingia, nami nikaanza kumsimulia. Ninaandika hapa yale niliyomwambia, na mengine ambayo hatukupata muda wa kuyafikia.

Nilikulia Mukurweini, kwenye mteremko wenye kahawa upande wa juu na migomba upande wa chini. Tangu ninapoweza kukumbuka, masikio yangu yalikuwa yakitoa usaha. Asubuhi mto wangu ulikuwa na doa la manjano, na mama alikuwa akiupindua haraka kabla baba hajauona. Alizichemsha punje za saumu kwenye mafuta, akapima joto kwa kidole chake kidogo, akanilaza pajani. Mafuta yalipoingia nilihisi joto likishuka taratibu hadi shingoni, na kwa muda maumivu yalitulia. Kisha pamba. Siku nzima nilinukia kama mchuzi, na shuleni watoto waliniita Supu. Jina hilo nililijua kwa sababu ni rahisi kulisoma mdomoni: midomo inajikunja kama inayopuliza kitu cha moto.

Sikuwa kiziwi kabisa. Mtu akiwa mbele yangu, karibu, sauti yake ilinifikia kama iliyopitia kwenye blanketi. Niliichukua sauti hiyo, nikaiunganisha na midomo yake, macho yake na mabega yake, nikapata neno. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo. Nilidhani ndiyo maana watu hutazamana.

Kwa hiyo niliamini kwamba watu hawawezi kuongea gizani. Baba alipozima taa ya glasi, mazungumzo yaliisha palepale, kama mfereji uliofungwa. Ndugu yangu mdogo, Muriithi, ambaye tulilala kitanda kimoja, mara nyingine alikitikisa kitanda kwa kicheko, nami nikadhani amekumbuka jambo la mchana. Niliamini pia kwamba kuku ni viumbe wenye usingizi mwingi, maana walipiga miayo kutwa. Na kanisani, ambako kwaya ya akina mama ilinifikia kama mvumo tu, niliamini wanashindania nani anaweza kufungua mdomo zaidi. Kulikuwa na mama mmoja wa safu ya mbele aliyeshinda kila Jumapili. Nilimheshimu sana.

Kitu kimoja tu sikukipatia maelezo mazuri: hasira za watu wazima. Zilikuja kutoka nyuma. Nilikuwa nimechuchumaa nikicheza, mara mkono unanishika bega, nikigeuka naukuta uso tayari umewaka. Nikaamua kwamba watu wazima huanza kukasirika kabla ya kusema lolote, na kwamba mtoto hana la kufanya ila kupokea.

Mwalimu wetu alipenda kutusomea imla huku akitembea katikati ya madawati. Alipokuwa upande wangu niliandika. Alipogeuka, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, alikuwa ameacha kusoma, kwa hiyo nami niliacha kuandika. Daftari langu lilijaa sentensi zisizo na miguu. Mama alipoitwa shuleni, mwalimu alimwambia mbele yangu, uso kwa uso, kwa hiyo nilipata kila neno.

"Huyu si mjinga, mama. Shida yake ni kiburi. Unamuita, anaendelea na mambo yake. Ukimshika ndio anajifanya anashangaa. Afadhali arudie darasa, labda atanyenyekea."

Nilichapwa jioni hiyo. Mama alichapa bila moyo, na mimi nililia bila kujua ninalilia nini.

Mambo yaligeuka asubuhi moja barabarani. Nilikuwa nimetumwa kupeleka maziwa kituoni, nimebeba mtungi kwa mikono miwili, nikitembea katikati ya barabara ya udongo kwa sababu kando kulikuwa na matope. Niliuhisi upepo kwanza. Kitu kikubwa cheupe kilipita ubavuni mwangu, kikanikwaruza kiwiko, nikaanguka na mtungi ukanimwagikia. Ilikuwa pikapu ya maziwa, imekatika breki kwenye mteremko, na dereva alikuwa akibonyeza honi bila kuachia tangu kona ya juu. Alikwenda akaishia kwenye ukingo wa migomba, akatoka mzima, akaanza kunifokea kwa mikono. Mimi nilikuwa nikiangalia maziwa yanavyoingia kwenye nyayo za ng'ombe, nikiwaza kiboko.

Mama alikuwa shambani, juu kidogo tu ya barabara, akichuma kahawa. Alikuwa ameiona pikapu tangu juu. Alikuwa amepiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakatoka nje. Aliniona nikitembea polepole, mgongo wangu ukiwa umetulia, kama mtu aliye peke yake duniani.

Hakunichapa. Alishuka mbio, akanishika mashavu, akaniangalia kana kwamba ananisoma kwa mara ya kwanza. Kisha akaketi kwenye matope na leso yake nzuri, akaniweka pajani na maziwa yangu yote.

"Ngai, Mungu wangu, huyu mtoto hasikii," alisema. "Hasikii kabisa, na mimi nilikuwa nampiga."

Baba alikataa. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kahawa, mtu wa maneno machache, na jioni hiyo aliyatumia yote. Niliwatazama kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi, taa ikiwa katikati yao.

"Huyu anasikia," alisema. "Ukimwambia chai iko tayari, si anakuja?"

"Anaona kikombe, Baba Wairimu."

"Kwetu hakuna kiziwi. Ukianza kumpeleka mahospitali ataandikwa jina, na hilo jina halitoki."

"Wacha liandikwe. Afadhali jina kuliko kaburi."

Baba alizima taa, kwa hiyo nilidhani mama ameshinda.

Mama alikuwa na dada yake mkubwa, Tata Njoki, fundi wa nguo aliyeishi Ruring'u. Tulilala kwake ili tuamkie hospitali mapema. Tata alikuwa mtu wa kuzungumza kwa mdomo mpana, na mimi nilimpenda kwa sababu maneno yake yalisomeka hata kutoka ng'ambo ya chumba. Nilikuwa nakula viazi kwenye kona. Nikamwona akimwambia mama: "Wakisema ni mbaya sana, kuna shule ya viziwi. Wanalala huko huko. Unampeleka, anarudi likizo." Mama alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo sikupata jibu lake. Nilipata hayo tu: wanalala huko, unampeleka. Nikajua sasa kwa nini mama alikuwa ananishika mashavu siku hizi. Alikuwa ananiaga.

Daktari wa kwanza alikuwa mzee mpole mwenye taa kwenye paji la uso. Aliyasafisha masikio yangu kwa kitu kilichovuta kama mrija, akachungulia, akamwambia mama kuna tobo kwenye kiwambo cha sikio, pande zote mbili.

"Mnaweka nini humu ndani?"

"Mafuta ya saumu."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Na yeye alifundishwa na mama yake," daktari alisema bila ukali. "Hakuna mtu alikosea kwa ubaya. Lakini isiingie tena, hata tone. Wala maji. Tutakausha kwanza kwa dawa, halafu mtarudi apimwe kusikia."

Tulirudi nyumbani na chupa ndogo za matone. Mto wangu ulianza kuamka mweupe. Mama aliuinua asubuhi moja, akamwonyesha baba, na siku ya kupimwa ilipofika baba alivaa koti lake la kanisani akasema anakuja pia. Nafikiri alikuja kusikia akiambiwa kwamba yuko sahihi.

Aliyenipima alikuwa dada mrefu, jina lake Halima, mtu wa Nanyuki ambako baba yake aliuza mifugo. Alikuwa amejifunga mtandio wa zambarau, na alizungumza Kiswahili laini kilichopita midomoni bila kujikwaa. Aliniingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, chenye kuta za sifongo na dirisha la kioo. Akanivisha kitu kizito masikioni.

"Ukisikia mlio, hata mdogo sana, inua mkono. Sawa?"

Nilielewa vizuri sana. Huu ulikuwa mtihani, na atakayeanguka analala huko huko.

Nilikuwa sijawahi kufaulu mtihani wowote, lakini huu niliuona tangu mwanzo jinsi ulivyo mwepesi. Halima aliketi upande wa pili wa kioo, mbele ya mashine. Kila alipotaka kutoa mlio, bega lake la kulia lilishuka kidogo na macho yake yakainuka kunitazama. Bega likashuka, nikainua mkono. Likashuka, nikainua. Mara chache nilisikia kweli, mlio mzito kama wa nyuki ndani ya kopo. Ile mingine yote niliisikia kwa macho. Sikukosa hata mmoja. Niliwaona baba na mama kwenye benchi nyuma yake, na nilimwona baba akianza kukaa wima.

Tulipotoka, Halima alikuwa akiiangalia karatasi yake na kukunja uso.

"Kulingana na mashine hii," alisema, "mtoto huyu anasikia kuliko mimi."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya pikapu. "Si nilisema? Nilisema ama sikusema?" Tayari alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mama hakusimama. Alinitazama kwa uso uliochoka, na nikaona kwamba hakufurahi, jambo ambalo lilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimetuokoa sote.

"Ngoja kidogo, mzee," Halima alisema. "Keti tu."

Alikuja akachuchumaa mbele yangu. Akaishika ncha ya mtandio wake, akafunika mdomo na pua kama mtu anayejikinga na vumbi. Macho yake yalikuwa yanatabasamu. Nikayatazama, nikasubiri afunue aanze kuzungumza. Nilisubiri kwa adabu, mikono magotini. Alipofunua, mama alikuwa amejiziba mdomo na machozi yalikuwa yakipita kwenye vidole vyake.

Baadaye ndio niliambiwa alichokuwa akisema. Alikuwa ameniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama nataka peremende mbili ama tatu. Mimi, niliyeweza kumfuata mwenye duka hadi kwake kwa ajili ya peremende moja, nilikuwa nimekaa nimetulia kama picha ukutani.

"Mara ya mwisho pale ndani sikutoa mlio," Halima aliwaambia. "Niligusa meza tu. Akainua mkono. Mtoto wenu ana akili nyingi sana. Amefanya kazi ya masikio kwa macho peke yake, na ameifanya vizuri mpaka amewadanganya watu wazima wote, hata mimi karibu."

Akanirudisha kwenye kile chumba, na safari hii akakigeuza kiti nikatazama ukuta.

Sina neno zuri la kile kilichofuata. Ukuta ulikuwa wa kijivu, na hapakuwa na kitu. Niliinua mkono kwa kubahatisha, nikaushusha, nikauinua tena. Nikajua naanguka. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimelia mpaka kifuani kumelowa.

"Unalia nini?" mama aliniuliza, akinigeuza.

"Sitaki kulala kwa ile shule."

"Shule gani?"

"Ya viziwi. Tata alisema. Lakini nilipita, mami. Niliinua mkono mara zote."

Ni Halima aliyenijibu, polepole, uso wake karibu na wangu. "Hakuna anayekupeleka popote. Na ile shule si jela, watoto wa kule wanaongea kwa mikono na wanacheka kukushinda wewe. Lakini masikio yako bado yana kazi. Yanahitaji msaidizi tu."

Baba alikuwa amekwenda dirishani, ametupa mgongo. Nilidhani amekasirika. Aliporudi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipiga goti sakafuni na koti lake la kanisani, akauleta uso wake mbele ya wangu, akazungumza akihakikisha naiona midomo yake.

"Jioni nikitoka kazi huwa nakuita nikiwa kwa geti. Kila siku. Nakuita, unaendelea kucheza. Ulijua?"

Nilitikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa naona ni kama hunitaki."

Nilimshika sikio. Sijui kwa nini sikio. Akaacha nilishike, kisha akasimama, akajipangusa magoti, akamwuliza Halima kwa sauti ya fundi anayemwuliza fundi mwenzake: "Sasa huyo msaidizi anafungwaje?"

Halima alinijaza masikio kwa kitu laini na baridi, kama unga wa chapati uliokandwa, ili apate umbo lake. Kilipoganda alikichomoa, na nikaonyeshwa sikio langu jinsi lilivyo kwa ndani, lenye mapindo kama konokono. Vifaa vyenyewe vya kusikia vilichukua muda kufika. Vilipofika vilikuwa vya rangi ya chai ya maziwa, vidogo, vya kuning'inia nyuma ya sikio. Halima aliviwasha kimoja, kisha kingine.

Watu hupenda kuniuliza kama nilitabasamu. Nilikasirika. Chumba kilikuwa kimejaa vitu vilivyokuwa vikikwaruzana. Karatasi ilikuwa na kelele. Pua ya mama ilikuwa na kelele. Baba alipiga hatua moja, nikaruka, kwa sababu viatu vyake vya ngozi vililia kama paka, na nikamwuliza kama vinaumwa. Walicheka wote watatu, na kicheko chao kiliniumiza, nikavichomoa masikioni. Halima hakunigombeza. Alinifundisha kuvivaa saa chache kwa siku, nyumbani kwanza, na mtu mmoja akizungumza kwa zamu. "Masikio yako yalikuwa likizo," alisema. "Yarudi kazini polepole."

Jioni hiyo tulikuwa tena kwa Tata Njoki, nimevivaa tena, tukinywa chai, na stima ikapotea. Giza likaingia mara moja. Nikashika kikombe changu, nikasubiri, kama kawaida, watu wanyamaze mpaka mwanga urudi.

"Hii stima ya huku nayo," alisema Tata gizani.

"Kwani ni kila siku?" alisema mama gizani.

"Kila siku, na mimi niko na gauni la bibi harusi halijashonwa mikono."

Niliweka kikombe chini. Walikuwa wanaendelea! Hakukuwa na midomo, hakukuwa na nyuso, na maneno yalikuwa yakija hata hivyo, yakipita juu ya meza moja baada ya jingine, kila moja na mwenyewe. Nikauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Mami, mnaweza kuongea hata bila taa?" Kisha mama akasema, bila kunigusa, bila kuuonyesha uso wake, kwa sababu hakukuwa na haja, "Tunaweza, Wairimu. Na wewe ongea." Niliongea mpaka chai ikapoa. Sikumbuki nilisema nini.

Sikurudia darasa. Mama alikwenda shuleni na karatasi ya Halima, nami nikahamishiwa dawati la mbele upande wa dirisha, ambako mwanga uliangukia uso wa mwalimu. Mwalimu alijifunza kusoma imla akiwa amesimama mahali pamoja. Mara ya kwanza aliponiona na vile vifaa aliniomba nimwonyeshe, akavishika kwa ncha za vidole, na hakusema neno kiburi tena kunihusu mimi wala mtoto mwingine. Watoto wengine waliniita Redio kwa muhula mzima. Niliwajibu kwamba redio yenu nyumbani haina hata betri, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli kwa wengi wao, jina likafa lenyewe.

Basi siku moja, likizo, nilikuwa uwanjani kwa jirani tukicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa karatasi za nailoni. Nilikuwa katikati, nikikwepa, na nilikuwa nimekwepa kuliko mtu yeyote siku hiyo. Mama akaita kutoka jikoni. Hakupiga kelele, alikuwa ameshaacha kupiga kelele. "Wairimu, njoo umpe ndama nyasi." Ilifika safi kabisa, ikipita juu ya ua wa michongoma, jina langu lote na ndama na nyasi.

Nikakwepa mpira.

Akaita tena. Nikakwepa tena. Aliita mara ya tatu, na rafiki zangu wakaanza kunitazama. Mimi nilikuwa na sura ya mtu asiye na habari, sura niliyoijua vizuri kwa sababu niliivaa miaka mingi bila kujua. Mpira uliponipata mguuni ndipo nilipokwenda nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni, na fimbo ya mti wa kahawa.

"Betri zimeisha?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ulinisikia."

Ningeweza kudanganya. "Nilikusikia."

"Mara ya tatu?"

"Mara ya kwanza, mami. Lakini tulikuwa tunacheza."

Alinitazama. Mkono wenye fimbo ulishuka taratibu. Akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, nikadhani nimemliza. Nilizunguka nikamchungulia usoni, kwa mazoea yangu ya zamani. Alikuwa anacheka, ameuma leso isitoke sauti. Alipojikusanya alinyoosha kidole kwenye banda la ndama, kisha kwenye rundo la sufuria za mchana, ambazo hazikuwa zamu yangu, akasema hiyo ndiyo bei ya kusikia.

Nilimlisha ndama. Kisha nikaketi kwenye jiwe la kuoshea nikaziosha sufuria zote, kubwa kwa ndogo, nikizigonganisha kwa makusudi, mfuniko juu ya mfuniko, kwa sababu hakuna sufuria mbili zinazolia sawa na nilitaka kujua kila moja inasemaje. Nilizigonga mpaka baba akapaza sauti kutoka ndani, akiomba kwa heshima zote apumzike dakika tano tu kwenye nyumba yake mwenyewe.

Naye nilimsikia mara ya kwanza. Nikaendelea kuosha.